Sakafu ya Nyumba na Maadui Wake Wawili

Mvua za Itumba zianzapo mwezi Machi, mitaa ya Kimironko hubadilika sura kwa siku moja. Vumbi jekundu lililotanda juu ya mabati, juu ya majani ya miti na juu ya kamba za kuanikia nguo hugeuka kuwa tope, na tope hilo haliishii barabarani. Huingia na wanunuzi watokao sokoni, huingia na wanafunzi watokao shuleni, huingia na askari arudiye kutoka zamu ya usiku akiwa na buti zake, na wote hao huenda kulikabidhi mahali pamoja, yaani sakafuni. Ifikapo Juni, tope hukauka likawa vumbi tena, na kazi ya usafi huanza upya kwa namna nyingine.

Kimironko, iliyo katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, ina sakafu za kila aina. Katika mwendo mfupi kutoka sokoni kuelekea Bibare, Nyagatovu au Kibagabaga, mtu aweza kupita penye nyumba ya vigae ving'aavyo, ambavyo wenyeji huviita makaro. Kisha nyumba ya kupanga yenye sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu. Na pengine chumba ambacho sakafu yake ni udongo ulioshindiliwa tu. Gharama za sakafu hizo hazilingani hata kidogo. Hata hivyo maadui wake ni wale wale wawili, nao ni mchanga na maji. Mengine yote, kama vile miguu ya viti, mafuta ya kupikia na makaa ya jiko, huja nyuma yao.

Mchanga uzuiwe mlangoni

Watu wengi hudhani kwamba sakafu huchakaa kwa sababu ya kukanyagwa. Mguu mtupu na safi waweza kupita juu ya saruji nzuri miaka mingi bila kuacha alama. Kinachoila sakafu ni chembe za mchanga zilizonaswa kati ya kiatu na sakafu. Chembe nyingi za mchanga ni za jiwe gumu kuliko saruji, gumu hata kuliko kioo, na kila hatua huzisugua juu ya sakafu kama seremala asuguavyo ubao kwa msasa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi sehemu ichakaayo kwanza ni ile iliyo karibu na mlango, wala si katikati ya chumba ambapo watu huketi kutwa.

Kwa hiyo ulinzi wa sakafu yapasa uanzie nje. Palipo na uwanja mdogo mbele ya nyumba, nyasi zitambaazo kama pasipalumu hufaa kuliko udongo mtupu, kwa kuwa huzuia vumbi wakati wa kiangazi na huzuia matone ya mvua yasirushe tope ukutani. Baada ya hapo huhitajika vipangusio viwili vya miguu. Cha nje kiwe kigumu, cha katani au cha vipande vya matairi, nacho ni cha kukwangua tope. Cha ndani kiwe cha nguo nzito, kazi yake ni kufyonza unyevu na vumbi lililosalia. Viwe virefu kiasi cha kukanyagwa na kila mguu mara mbili kabla mtu hajafika sakafuni. Vyote viwili vikung'utwe kila siku, tena mbali na mlango, maana kipangusio kilichojaa mchanga hakiulindi mlango tena, bali huwa ghala la adui.

Desturi ya kuvua viatu mlangoni inajulikana sana, lakini mara nyingi huvunjwa na baba mwenye nyumba. Buti za kazi, zenye nyayo za meno makubwa, hubeba tope jingi kuliko viatu vingine vyote vya nyumba vikikusanywa pamoja. Ubao mmoja wa kuwekea viatu chini ya ukingo wa paa, pamoja na kijiti cha kung'olea tope, huondoa ugomvi huo. Askari aliyezoea kukaguliwa kambini hana udhuru wa kushindwa na ukaguzi wa mlango wake mwenyewe.

Kisha kuna kufagia. Sakafu yoyote, iwe ya saruji au ya vigae, ifagiliwe ikiwa kavu kabla ya kuguswa na maji. Fagio la nyasi laini hufaa ndani kuliko fagio gumu la uani, na mfagiaji aanzie pembe za mbali akielekea mlangoni. Atiaye maji kabla ya kufagia huuchanganya mchanga na maji, akaukokota chumba kizima kwa tambara lake. Hapo huwa anaisaga sakafu huku akidhani anaisafisha.

Maji ni rafiki kwa kiasi

Neno "kupiga deki" lililetwa na mabaharia, likapanda kutoka pwani hadi nchi zisizo na bahari. Inaonekana halikupanda peke yake, kwani lilifuatana na ile desturi ya melini ya kumwaga maji tele. Melini maji hayo hutoka kwa matundu ya ubavuni yakarudi baharini. Nyumbani hayana pa kwenda ila mlangoni na chini ya kuta.

Katika nyumba nyingi za Kigali kazi ya asubuhi hufanywa hivi: ndoo nzima ya maji ya sabuni humwagwa chumbani, sakafu husuguliwa kwa brashi, na maji husukumwa nje kwa ubao wenye ukingo wa mpira uitwao rakleti. Njia hii ni ya haraka na humpendeza atazamaye. Lakini nyumba nyingi za kawaida kuta zake ni za rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, yaliyofunikwa kwa lipu nyembamba ya saruji. Maji yanayosimama chini ya ukuta kila asubuhi hupenya kwenye nyufa ndogo za lipu, yakaulainisha udongo ulio nyuma yake. Baada ya misimu michache lipu huvimba, huota chumvi nyeupe, kisha huanguka vipande vipande. Mwenye nyumba humlaumu fundi au mvua, na pengine mvua haihusiki kabisa.

Kwa hiyo penye kuta za namna hiyo, na hata penye matofali ya kuchoma, inafaa kutumia ndoo mbili na tambara zito. Ndoo ya kwanza iwe na maji ya sabuni kidogo, ya pili maji matupu ya kusuuzia. Tambara lichovywe katika sabuni, likamuliwe mpaka lisidondoshe tone, lipitishwe sakafuni, lisuuzwe katika ndoo ya pili, likamuliwe tena. Maji ya kusuuzia yakichafuka yabadilishwe. Katika miezi ambayo bomba hukauka na maji hununuliwa kwa dumu, familia itaona tofauti upesi, kwa kuwa vyumba viwili huweza kusafishwa kwa ndoo mbili zisizojaa.

Sabuni nayo isizidi. Sabuni isiyosuuzwa hubaki sakafuni kama utando mwembamba unaonata, na utando huo hukamata vumbi la mchana wote. Mama wa nyumbani anayelalamika kwamba sakafu yake huchafuka saa moja baada ya kupigwa deki ajaribu kupunguza sabuni kwa nusu kabla ya kuiongeza.

Iwapo unyevu unaonekana sakafuni hata siku zisizo na deki wala mvua, kuna jaribio jepesi la kujua utokako. Kipande cha plastiki safi, chenye ukubwa wa daftari, kibandikwe sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiachwe siku moja au mbili. Matone yakionekana chini ya plastiki, unyevu unapanda kutoka ardhini, na dawa yake ni mfereji wa kuyaelekeza mbali maji ya mlimani yasifike kwenye msingi. Katika mji uliojengwa juu ya vilima, hiyo ndiyo kazi inayosahauliwa zaidi. Matone yakiwa juu ya plastiki, unyevu umo hewani, na kufungua madirisha kutatosha.

Saruji iliyoharakishwa

Chukulia kwamba askari polisi amehamishiwa Kigali, naye amepanga vyumba viwili. Sakafu ni ya saruji, mpya, laini. Baada ya mwezi mmoja mkewe anaona kwamba kila asubuhi anafagia unga wa kijivu, ingawa madirisha yalifungwa usiku kucha. Unga huo hautoki nje, ni sakafu yenyewe inayotoka.

Ugonjwa huu hutokana na haraka ya siku za kwanza. Saruji haikauki kama nguo iliyoanikwa, bali huungana na maji ikawa jiwe, na maji yakiisha mapema kazi hiyo hukatika nusu. Ndiyo maana sakafu mpya yapasa ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, au imwagiwe maji asubuhi na jioni, kwa muda usiopungua siku 7. Nguvu yake kamili huhesabiwa baada ya siku 28. Katika kiangazi cha Kigali jua na upepo huweza kuinyang'anya sakafu maji yake katika saa chache. Fundi aliyelipwa kwa siku ameshaondoka, na mpangaji anasubiri kuingiza kitanda.

Makosa mengine mawili hufanana na hilo. La kwanza ni kuzidisha maji katika mchanganyiko ili uwe mwepesi kusambazwa. Maji yaliyozidi hupanda juu yakiwa na chembe dhaifu, na uso wa sakafu huwa kama ganda la mkate. La pili ni kunyunyizia saruji kavu juu ya maji hayo ili yakauke haraka, hila ambayo mafundi wengi huiona ni ufundi. Sakafu iliyonyunyiziwa hivyo hung'aa vizuri mno siku ya kukabidhiwa, kisha ganda lake hubanduka. Anayesimamia ujenzi wake mwenyewe adai kipimo cha saruji moja kwa mchanga mara tatu kwa tabaka la juu, mchanga uliochekechwa na usio na udongo, na maji ya kutosha kushikanisha tu. Uso usilainishwe mpaka maji yaliyopanda juu yatoweke yenyewe.

Kwa sakafu ambayo tayari inatoka unga, maduka ya vifaa vya ujenzi huuza dawa ya maji ya kukazia saruji, ambayo hupakwa juu ya sakafu iliyosafishwa na kukauka kabisa. Haiifanyi sakafu mbovu kuwa njema, lakini huupunguza unga. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba, kwa kuwa gharama hiyo ni ya nyumba, si ya mpangaji.

Mashimo na nyufa zizibwe zingali ndogo. Kosa la kawaida ni kupaka saruji nyembamba juu ya shimo kama mtu apakaye siagi. Kingo zake hubanduka katika wiki mbili. Shimo lichongwe kwa patasi mpaka kingo ziwe wima na kina chake kifikie upana wa vidole viwili hivi. Vumbi liondolewe lote, mahali pale paloweshwe tangu jioni iliyotangulia, kisha papakwe uji mwembamba wa saruji, na kabla uji haujakauka shimo lijazwe mchanganyiko wa moja kwa tatu. Gunia la maji lilale juu yake wiki nzima. Watoto watalizunguka tu.

Nta, nyekundu au isiyo na rangi, huisaidia saruji kwa kuziba vitundu vyake vidogo. Ipakwe nyembamba juu ya sakafu kavu, iachwe, kisha isuguliwe kwa kipande cha blanketi kuukuu. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, ambalo hunata, hukamata vumbi na huteleza. Ngazini na mlangoni pa bafu isipakwe kabisa. Mzee au mama mjamzito akianguka hapo, mng'ao wa sakafu utakuwa umeuzwa kwa bei kubwa mno.

Kuna nyumba ambamo nta ya dukani hubadilishwa kwa mishumaa iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya taa. Jambo hili yafaa likomeshwe. Mvuke wa mafuta ya taa yaliyopashwa moto hushika moto ghafula, na masalio yake huwekwa katika chupa ya soda, ambayo mtoto huitambua kuwa ni soda. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe hata kidogo, maana yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yauako. Apelekwe hima kwenye kituo cha afya, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione.

Jiko la mkaa, lile liitwalo imbabura, lisiwekwe juu ya saruji tupu. Joto lake huifanya saruji ipasuke na kurusha vipande. Matofali mawili chini yake hutosha kuilinda sakafu. Kumlinda anayelala humo ni jambo jingine: jiko lenye makaa halilali ndani ya nyumba iliyofungwa, hata usiku wa baridi kali namna gani, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu.

Makaro

Vigae havihitaji mengi. Uso wake ni mgumu na hauhitaji nta. Udhaifu wake umo katika maungio, ambayo ni saruji, na saruji huliwa na tindikali. Ndimu, siki, na zaidi ya vyote dawa kali za kusafishia vyoo, huyafanya maungio kuwa meupe siku ya kwanza na kuwa mashimo mwaka wa pili. Maji yakishapenya chini, kigae hulegea. Kigae kilicholegea hutambulikana kwa kugongwa na sarafu, kwani hulia kama debe tupu, na yafaa kipandikwe upya kabla hakijavunjika.

Lililo kubwa kuliko sakafu ni hili: jiki, yaani maji ya klorini ya kuondolea madoa, isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, wala siki, wala dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko wa jiki na tindikali hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Bafuni hakuna uwanja wa kukimbilia. Msichana wa kazi, ambaye aghalabu ndiye aachiwaye ndoo hizo, aelezwe jambo hili kwa maneno ya wazi tangu siku yake ya kwanza, wala asiachiwe kubahatisha.

Miguu ya viti na vitanda vya chuma ikwaruzayo vigae huvalishwa vipande vya kandambili kuukuu vilivyokatwa kwa kipimo. Hakuna cha dukani kinachozidi hapo.

Udongo na mtoto atambaaye

Sakafu ya udongo ndiyo iliyo kongwe kuliko zote, nayo ndiyo inayobeba jambo zito kuliko yote yaliyotangulia. Katika Rwanda, hasa vijijini, nyumba nyingi mno zimekuwa na sakafu ya udongo kwa miaka mingi. Mwaka 2010 na 2011 kampeni ya Bye Bye Nyakatsi iliziondoa nyumba za nyasi. Paa zikabadilika, lakini chini ya mabati mapya sakafu nyingi zilibaki vumbi lile lile. Familia nyingi za askari, hata zilizo na makaro Kimironko, zina wazazi na ndugu waishio juu ya sakafu za namna hiyo huko kwao.

Mtu mzima hukaa kitini na kulala kitandani. Mtoto wa miezi minane huishi sakafuni. Hutambaa juu yake, hudondosha chakula juu yake akakiokota, hutia mikono kinywani mara nyingi asizoweza mtu kuzihesabu. Mayai ya minyoo hudumu katika udongo wenye unyevunyevu, na udongo haupigwi deki. Penye sakafu kavu yenye vumbi hukaa tekenya, mdudu aingiaye vidoleni, ambaye katika Kinyarwanda mateso yake huitwa amavunja. Mdudu huyo si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikwisha kulivuka bara zima kwa miguu ya wachukuzi, askari na wafanyabiashara, hadi pwani ya mashariki.

Kwamba sakafu yenyewe yaweza kubadili afya ya mtoto, si jambo la kukisia. Nchini Mexico, jimbo la Coahuila lilianza mwaka 2000 mpango ulioitwa Piso Firme, yaani sakafu imara. Kila familia yenye sakafu ya udongo ilipewa saruji ya kutosha mita za mraba 50, nayo ikatakiwa kuondoa vyombo na kushiriki kazi. Wataalamu wa uchumi walizilinganisha nyumba hizo na nyumba za miji jirani ya jimbo la Durango ambako mpango haukuwapo. Katika taarifa yao ya mwaka 2009 walionyesha kwamba palipobadilishwa udongo wote kuwa saruji, watoto wenye minyoo na vijidudu vya tumboni walipungua kwa asilimia 78, ugonjwa wa kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walionekana kuwa na huzuni kidogo kuliko wenzao. Hakuna hospitali iliyojengwa hapo, wala dawa iliyogawiwa, zilibadilishwa sakafu tu.

Si kila familia imudu mifuko ya saruji. Mabibi wa zamani walilifahamu tatizo hili, nao walikandika sakafu kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Nyuzi za nyasi zilizomo katika samadi huushikanisha udongo, ufa haupanuki, na vumbi hupungua sana. Ni heri sakafu iliyokandikwa kuliko vumbi tupu. Lakini haistahimili maji, hukandikwa tena na tena, na samadi mbichi hubeba vijidudu, vikiwamo vya pepopunda. Isikandikwe katika chumba cha mtoto mchanga ambaye kitovu chake hakijapona.

Njia ya tatu imepatikana hapa hapa Rwanda. Mwaka 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, miongoni mwao Gayatri Datar, walifika nchini kuchunguza hali ya nyumba, na baadaye Datar akaanzisha shirika la EarthEnable, ambalo hujenga sakafu za udongo ulioboreshwa. Hutumia changarawe, udongo mwekundu, mchanga na mfinyanzi wa papo hapo, vikishindiliwa tabaka baada ya tabaka, kisha juu hupakwa mafuta ya mimea ya namna ile ikaukayo. Mafuta hayo hayakauki kama maji, bali hushika hewa yakaganda kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Gharama yake ni ndogo sana kuliko ya saruji, na sakafu hiyo hupanguswa kwa tambara kama nyingine.

Siri yake kubwa ni kushindilia, nayo si ngeni kwa Waswahili. Katika nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, chokaa iliyochanganywa na kokoto ilitandazwa juu ya boriti na kupigwapigwa kwa magongo siku nyingi, wapigaji wakiimba ili mkono usichoke kabla ya wengine. Kazi hiyo huitwa kusakifu. Neno sakafu lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni paa. Katika nyumba ya ghorofa paa la mmoja ni sakafu ya mwenzake.

Askari na polisi hushiriki mara nyingi kuwajengea nyumba wasiojiweza, na raia nao hukutana katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika kazi hizo matofali huhesabiwa, mabati huhesabiwa, na sakafu huachwa kuwa ile iliyobaki chini. Yafaa ihesabiwe tangu siku ya kuchora msingi. Iinuliwe angalau shibiri moja juu ya uwanja, mfereji uchimbwe upande wa juu wa kilima, na udongo ushindiliwe ukiwa na unyevu kidogo, tabaka lisilozidi vidole vitatu kila mara. Mikono ishirini huimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Sakafu ya udongo iliyopakwa mafuta ina masharti yake ya utunzaji. Haimwagiwi ndoo, wala haisuguliwi kwa brashi ngumu. Kitanda cha chuma huwekewa vibao chini ya miguu, na kinu hutwangiwa nje. Inapofika wakati wa kupaka mafuta upya, matambara yaliyotumika yasirundikwe pembeni mwa nyumba, kwa sababu mafuta yakaukayo, kama yale ya mbegu za kitani, huzalisha joto yakigandamana, na rundo la matambara huweza kujiwasha moto lenyewe baada ya saa kadhaa, watu wakiwa wamelala. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke, au yalowekwe katika ndoo ya maji. Wakati wa kupaka upya hujulikana kwa tone la maji: likidondoshwa sakafuni likakaa kama ushanga, mafuta yangali na nguvu, likinywewa na kuacha doa jeusi, mahali pale papakwe kabla ya mvua za Umuhindo, ambazo huanza Septemba.